Mvua ya bure unaiangalia inaenda: namna ya kuvuna maji ya bati bila kujitia hasara

Kuna kichekesho kimoja huku kwetu Kimara ambacho nadhani hata nyie wa Goba na Kibamba mnakijua. Usiku wa Aprili mvua inapiga bati mpaka mkiongea ndani hamsikilizani, maji yanashuka kwenye kona ya nyumba utadhani kuna mtu kafungulia bomba la inchi nne, uwanja wote tope, afu asubuhi maji yote yakishateremka bondeni unamkuta mwenye nyumba yule yule kasimama getini na kandambili anasubiri mkokoteni wa madumu upite. Mi nilikuwa mmoja wao, tena kwa miaka, na wala sikuona ajabu, mana kichwani kwangu maji yalikuwa kitu kinachotoka bombani na mvua ilikuwa kitu kinacholowesha nguo zilizoanikwa, sikuwahi kuviunganisha.

Sasa hivi navuna. Nimeharibu pesa mara mbili kabla sijapatia, kwa hiyo humu nitaeleza na yale ya kukwepa. Nitaanzia mbali kidogo, vumilia, bila hiyo sehemu hesabu za mbele hazitaeleweka.

Maji yako yanatoka wapi

Shuleni tulichora ule mduara wa maji, jua, bahari, wingu, mlima, mto, mishale inazunguka, tukakariri, tukafaulu, tukasahau. Ukiuleta Dar unaeleweka fasta. Jua linachemsha Bahari ya Hindi taratibu, sio kuchemka kwa mapovu, ni vile nguo inavyokauka kwenye kamba. Maji yanapanda chumvi inabaki, ndo kitu kile kile wanachokitegemea watu wa mashamba ya chumvi pale Kunduchi, ila wao wanataka kinachobaki chini na sisi tunataka kilichopanda. Upepo unausukuma huo mvuke bara, ukifika Morogoro unakutana na milima ya Uluguru, hauna pa kupita isipokuwa juu, na huko juu kuna baridi, mvuke unageuka matone, mvua inashuka. Msitu wa kule juu unakamata mpaka ukungu, majani yanachuruzika maji hata siku ambayo haijanyesha. Udongo wa msituni unanyonya afu unaachia kidogo kidogo kwenye vijito, vijito vinaingia mto Mgeta na wenzake, vinakuja kuwa mto Ruvu. Ruvu tunaichota Mlandizi kwenye mtambo wa Ruvu Juu, tunaichota tena Bagamoyo kwenye Ruvu Chini, kinachobaki kinaishia baharini huko huko Bagamoyo. Mduara umefunga.

Sasa angalia urefu wa hiyo safari. Kuanzia wingu mpaka bomba lako la jikoni kuna mlima, kuna shamba lililolimwa mpaka ukingoni mwa mto, kuna ng'ombe, kuna pampu za umwagiliaji, kuna mtambo, kuna umeme wa kusukuma, kuna bomba kilomita kibao, na kila sehemu maji yanapungua. Mwishoni mwa 2022 vuli ilichelewa, Ruvu ikashuka, jiji zima tukaingia kwenye mgao. Kukata miti kule juu nako kunachangia, udongo ukiwa mtupu mvua haikai, inateremka yote siku hiyo hiyo na tope lake, wiki mbili baadae mto umekonda.

Wingu lile lile likipita juu ya nyumba yako linamwaga maji ambayo hayajapita kokote. Bati lako ni kipande chako cha Uluguru. Ukiyakamata hapo umeikata safari yote ile, na dumu moja ulilokamata ni dumu moja ambalo Ruvu haikuhitaji kukuletea.

Piga hesabu kabla hujagusa hela

Hii ndo sehemu watu wanairuka, wanakimbilia kununua simtanki kubwa kuliko la jirani. Usifanye hivyo, chukua tepu.

Kanuni ni moja tu na ni rahisi mno: milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita 1 ya mraba inakupa lita 1. Basi. Bati unalipima kivuli chake, yaani unapima chini urefu na upana wa eneo lililofunikwa, sio ule mteremko wa bati lenyewe, mana mvua inaangukia kivuli, kuinuka kwa paa hakukuongezei kitu. Nyumba ya mita 10 kwa 8 ni mita za mraba 80. Ikinyesha mvua ya maana ya milimita 30 kwa usiku mmoja, hiyo ni lita 2,400. Toa moja ya tano kwa ajili ya yanayoruka, yanayokauka juu ya bati lenye moto, na ya kwanza machafu tutakayoyamwaga, unabaki na lita 1,920. Hizo ni ndoo kubwa 96 za lita 20 kwa usiku mmoja, wewe umelala.

Dar kwa mwaka inapata kama milimita 1,100, masika ya Machi mpaka Mei na vuli ya Oktoba mpaka Disemba. Kwa bati lile lile unaongelea kama lita 70,000 kwa mwaka. Familia ya watu watano, kila mtu ndoo mbili kwa siku, inatumia lita 200 kwa siku, zidisha kwa 365 unapata 73,000. Nilipoipiga hii mara ya kwanza nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea. Yaani karibu matumizi yangu yote ya mwaka yanapita juu ya kichwa changu.

Ila usishangilie bado. Mvua haiji kwa mafungu sawa, inakuja kwa fujo afu inapotea. Kwa hiyo swali la tanki sio "bati linatoa kiasi gani", bati siku zote linatoa kuliko tanki. Swali ni "nina siku ngapi za kiangazi na nataka maji ya kazi gani". Mi nilijibu hivi: kiangazi changu ni Juni mpaka mwisho wa Septemba, siku 122. Maji ya mvua nayataka kwa kunywa, kupika na kusuuza vyombo tu, ndoo mbili za lita 20 kwa siku. 122 mara 40 ni 4,880. Tanki langu ni la lita 5,000 na linanitosha, jirani aliyeweka la 10,000 la kwake linafika Septemba na nusu ya maji haijaguswa.

Ukiwa Dodoma hesabu inabadilika. Kule mvua ni kama nusu ya Dar, na inakuja msimu mmoja tu, Disemba hadi Aprili hivi, kiangazi kinakimbilia miezi saba. Siku 210 mara lita 40 ni 8,400, hapo sasa tanki la 10,000 lina maana. Mtu wa Bukoba anayeona mvua karibu kila mwezi anaweza kuishi na la 2,000 akawa na amani. Usinunue tanki la mtu mwingine.

Bati, gata na yule fundi

Bati la kawaida halina neno, hata likiwa na kutu kidogo. Vigae sawa. Makuti yanatoa maji rangi ya chai, hayo oshea baiskeli. Nyumba za zamani zenye paa la asbesto usivune ya kunywa, na bati lililopakwa rangi ya zamani ambayo hujui ni ya nini usilitumie mpaka umejua.

Gata, ule mfereji unaofungwa ukingoni mwa bati kukamata maji, ndo moyo wa kazi yote. Chukua la inchi 5 au 6, la plastiki au la bati la kukunja, linafungwa kwenye fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, na vishikio kila baada ya sentimita 60 hivi, ukiachia mita nzima bila kishikio siku likijaa linapinda katikati kama kamba ya nguo. Mambo matatu ya kumsimamia fundi, na umsimamie kweli, usiende kazini ukamwachia:

Mteremko. Nusu sentimita kwa kila mita inatosha, gata la mita 10 mwisho wake uwe chini ya mwanzo kwa sentimita 5. Fundi wangu wa kwanza alifunga kwa macho. Akashuka kwenye ngazi, akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja, akasema "bosi iko poa". Kumbe mteremko ulikuwa unaelekea upande ambao hauna bomba! Maji yakawa yanasimama kwenye kona, wiki ya pili nimepanda nakuta viluwiluwi vya mbu vinacheza, nimelipa hela kujenga bwawa la mbu juu ya dirisha la chumba cha watoto. Dawa yake ni levo ya maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, unajaza maji, huku na huku yanalingana yenyewe, unaweka alama kwenye ubao. Na kabla hajalipwa mpandishe na jagi la maji alimwage upande wa juu, wote muone yanaenda wapi.

Pili, ncha ya bati iingie ndani ya gata kama theluthi ya upana wake. Ikiishia ukingoni mvua kubwa inaruka gata inaanguka nje, ikizidi mno inapita juu kwa juu. Tatu, mdomo wa mbele wa gata uwe chini kidogo kuliko wa nyuma, ili siku likifurika limwage nje sio ukutani kwako.

Pale gata linapoingia kwenye bomba weka wavu. Sio ule laini wa mbu, huo unaziba na jani moja la mwembe, weka wa matundu makubwa makubwa kuzuia majani, wa mbu tutauweka mbele.

Maji ya kwanza mwaga

Kama utasahau yote shika hili. Bati lako kati ya mvua na mvua linakusanya vumbi, moshi, kinyesi cha ndege, na kwa Dar sijui niseme nini kuhusu kunguru, wale ni wapangaji wa paa, wanaleta mifupa ya samaki, vipande vya chapati, panya aliyekufa. Mvua ikianza, dakika za mwanzo ni kama kuosha sufuria, yale maji ya kuoshea huyanywi.

Njia ya bure ni mtu. Bomba la kuingilia tankini linakuwa la kuzungushwa, mvua ikianza linatazama nje, baada ya dakika 15 au 20 mtu anatoka analigeuza liingie tankini. Inafanya kazi vizuri sana kwenye maelezo. Ukweli wake ni kwamba mvua inaanza saa tisa usiku, mama watoto anakupiga kiwiko "baba, mvua", unasema naenda, unaamka saa moja asubuhi jua linawaka.

Njia ya kudumu ni kuweka bomba la kumeza machafu. Kabla bomba la kwenda tankini halijafika tankini unaweka ti, tawi moja linaendelea tankini, lingine linashuka wima mpaka karibu na ardhi na chini limefungwa kofia. Mvua ikianza maji yanaingia kwenye hili la wima kwanza, likijaa ndo yanayofuata yanapita juu yake kwenda tankini. Machafu yamebaki yamefungwa humo. Ndani unaweza kutumbukiza mpira mdogo unaoelea, ukipanda unaziba mdomo, basi ya chini hayachanganyiki na ya juu.

Urefu wake unapigwa hesabu hivi. Tenga walau nusu lita kwa kila mita ya mraba ya bati. Paa langu limegawanyika pande mbili, kila gata linachukua mita za mraba 40, kwa hiyo lita 20 kila upande. Bomba la inchi 4 linabeba karibu lita 8 kwa kila mita ya urefu, nahitaji mita 2 na nusu. Imetosha kwenye ukuta wangu bila shida. Kama uko barabara ya vumbi au mwembe umelalia paa, weka mara mbili yake, na kwa kuwa mita 5 hazitaenea chini ya paa lako tumia bomba la inchi 6, hilo linabeba zaidi ya lita 17 kwa mita.

Sasa mvua ikiisha hilo bomba lazima litoke maji, la sivyo mvua ijayo linakuwa limeshajaa na machafu yanapita moja kwa moja. Kwenye kofia ya chini toboa tundu dogo la msumari lidondoshe taratibu, yaani likae tupu baada ya siku moja hivi. Tundu linaziba, kwa hiyo hiyo kofia isigundishwe, iwe ya kuzungusha kwa mkono uitoe uisafishe. Mara ya kwanza nilipoifungua baada ya vuli ilitoka uji mweusi kabisa kama wa ulezi na mfupa wa samaki. Nilikaa kimya kidogo nikiwaza miaka yote ile tulivyokuwa tunakinga na ndoo chini ya bati na kunywa moja kwa moja.

Tanki na chini yake

Lita moja ni kilo moja. Tanki la 5,000 likijaa ni tani 5, ni sawa na kuegesha lori juu ya hiyo stendi na kuliacha hapo maisha. Hasara yangu ya pili ilitoka hapa, nilitaka maji yawe na presha nikajenga stendi ya mirunda na mbao, nzuri kwa macho, tanki lilipofika nusu nguzo moja ikazama kwenye udongo uliolowa, likalala upande taratibu kabisa kama mlevi anayetafuta kiti, likapasuka kwenye ukuta wa jirani. Hakuumia mtu. Jirani tulielewana baadae, siku hiyo hatukuelewana.

Kaa chini. Chimba kidogo, shindilia, panga mawe, mwaga zege lililo sawa na pana kuliko kitako cha tanki, lisiwe na kokoto lililochomoza mana linatoboa plastiki. Tanki liinuke kiasi cha ndoo kuingia chini ya koki, inatosha. Ukitaka presha weka pampu ndogo na tanki dogo juu.

Koki ifungwe sentimita 10 au 15 juu ya kitako, tope laini linalala chini yake halikufuati. Bomba la kuingiza maji lishuke ndani ya tanki mpaka karibu na kitako na mdomo wake ugeuzwe utazame juu, ndo maji mapya yasivuruge lile tope, hii fundi wengi hawaijui ila elboo mbili tu, vile viungo vya kona, zinamaliza. Mfuniko ufunge kabisa na tanki lisipitishe mwanga, mwanga ukiingia ndani ya mwezi maji yanakuwa kijani. Na kila tundu, la kuingiza, la kupumulia, la kufurikia, lifungwe wavu wa mbu. Mbu wa dengi anapenda maji masafi yaliyotulia ndani ya vyombo, sio mtaro, na anauma mchana. Dar tumeshapigwa na dengi 2014 na tena 2019, tanki lisilo na wavu ni kuwafugia.

Kama umepanga, au hela ya tanki haipo, usikate tamaa. Gata kipande kimoja juu ya mlango na pipa la lita 200 lenye mfuniko na koki ni mwanzo mzuri, na ukihama unalifungua unaondoka nalo, ila ongea na baba mwenye nyumba kwanza kabla hujatoboa ubao wake. Pipa liwe lililobeba chakula, lile lililobeba kemikali hata ulioshe na sabuni ya dunia nzima liache.

Wazee wa pwani walikuwa hawana simtanki na walivuna. Mombasa na Lamu wanaita jabia, shimo lililojengwa kwa mawe na chokaa ndani ya nyumba au pembeni ya msikiti, maji ya paa yanaingia humo. Kama uwanja wako una mwamba na una fundi mzuri wa kupiga plasta ya kuzuia maji, tanki la chini ya ardhi linakupa nafasi kubwa na maji ya baridi, ila nyufa moja tu ya karibu na shimo la choo inakuua, kwa hiyo mi nilikwepa.

Yakijaa, usimmwagie jirani

Tanki la 5,000 kwenye masika linajaa ndani ya siku tatu nne. Baada ya hapo yanayobaki yanataka njia. Kimara ni vilima, mtu wa juu akiachia bomba la kufurikia linaenda kuchimba msingi wa mtu wa chini, kesi zake zinafika serikali ya mtaa. Yarudishe ardhini. Chimba shimo la mita moja kwa moja na kina mita moja na nusu, walau mita tatu kutoka msingi wa nyumba na mbali na choo, jaza mawe makubwa chini na kokoto juu, elekeza bomba la kufurikia humo. Usiyaingize kwenye shimo la maji taka, utaita gari la kunyonya kila wiki.

Watu wanaona hii ni kutupa maji, hapana. Ardhi ndo tanki kubwa kuliko yote. Siku hizi kila uwanja ni pevingi na zege, mvua haipati pa kuzama, yote inakimbilia mtaroni, mtaro unaingia mto Msimbazi, bonde la Jangwani linafurika, na huku visima vinashuka. Kwa wenye visima karibu na bahari hii ni kubwa zaidi. Chini ya ardhi ya pwani maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi, mana ya chumvi ni mazito. Kila mita 1 ya maji matamu iliyosimama juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 za maji matamu chini yake. Sasa geuza hiyo hesabu, ukivuta mpaka ukashusha ile ya juu kwa mita 1, chumvi inaweza kupanda mita 40 kukufuata. Ndo unasikia mtu wa Kigamboni anasema kisima kilikuwa kitamu miaka mitano sasa hivi chai yake hainyweki. Kwa hiyo kama una pampu, mvua izamishe, usivute tu.

Kunywa

Maji ya mvua hayana chumvi wala chokaa, sabuni inatoa povu mpaka unashangaa, maharage yanaiva mapema, mkaa unapungua. Kwa ndugu zetu wa Arusha na Meru kuna faida nyingine, maji mengi ya ardhini kule yana floridi nyingi, ndo ile meno ya rangi ya kahawia, na floridi haiondoki kwa kuchemsha. Ya mvua karibu hayana kabisa, na hii inasaidia hasa watoto ambao meno ya ukubwani hayajaota.

Ila masafi kwa macho sio salama. Ndege ni ndege. Chemsha mpaka yatokote sawasawa, au weka kidonge cha klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na usubiri nusu saa kabla ya kunywa, maji yakiwa na ukungu yachuje kwanza kwenye kitambaa safi mana uchafu unakula nguvu ya dawa. Chupa ya plastiki isiyo na rangi ukiilaza juani saa sita nzima jua linaua vijidudu, siku ya mawingu hiyo haikusaidii.

Na ya bomba usiyamwage

Hapa nitapita haraka. Usiku kabla ya kulala funga koki zote, piga picha mita. Asubuhi kabla mtu hajagusa maji iangalie tena, ikiwa imesogea una bomba linalovuja na unalilipia. Choo cha kuflashi weka rangi ya chakula au juisi ya unga kwenye tanki lake la juu, kaa dakika 20 usiflashi, rangi ikitokea chini kwenye bakuli ule mpira wa ndani umekwisha, ni kitu cha bei ndogo na kinapoteza maji mengi kimya kimya kuliko koki inayodondosha ukaisikia. Maji ya kusuuzia nguo yaflashie choo. Ya kuoshea mboga mpe mchicha. Bustani nyweshea jioni na tandaza nyasi kavu juu ya udongo, jua la mchana linakunywa nusu kabla mmea haujaonja. Basi.

Tarehe za kupanda ngazi

Mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Februari kabla ya masika na mwisho wa Septemba kabla ya vuli. Fagia gata, toa wavu osha, fungua ile kofia ya chini. Hiyo ya Septemba ndo ya kuosha tanki pia mana linakuwa karibu tupu, tumia brashi yenye mpini mrefu na maji ya klorini, na kama ni lazima mtu aingie ndani basi mwingine asimame nje muda wote anaongea nae, tanki lililofungwa halina hewa ya kutosha. Usipande bati limelowa.

Na angalia kabla hujatia mkono. Septemba iliyopita kwenye kona ya nyuma, pale gata linapokutana na bomba, nilikuta kiota cha kunguru kimesukwa kwa waya za kuning'inizia nguo, na katikati yake kijiko cha chai cha ile seti ya harusi ambacho dada wa kazi alikuwa ameshanuniwa miezi miwili kwa ajili yake.